Barua ya wazi kwa viongozi wetu wa Mtwara na Lindi: majani sio takataka, tuacheni kuyachoma

Waheshimiwa wakuu wa mikoa, wakuu wa wilaya, wakurugenzi wa halmashauri zetu zote, maafisa afya, maafisa ugani, walimu wakuu, na nyie wenyeviti wa vijiji na mitaa ambao ndio mnapita mlango kwa mlango siku ya usafi. Shikamooni wakubwa, wengine habari za kazi.

Mimi ni mkulima wa korosho huku juu Newala, mikorosho yangu ni mia na kidogo, na nina watoto wawili shule ya msingi. Nimekaa na hili jambo muda mrefu, nimelisema kwenye mkutano wa kijiji mara mbili na mara zote mbili likapitwa tukaenda kwenye ajenda ya michango, kwahiyo sasa naliandika hadharani. Nataka kuongelea majani makavu, haya yanayopukutika yenyewe kwenye mwembe, kwenye mkorosho, kwenye miombo, ambayo sisi tumefundishwa tangu darasa la kwanza kwamba ni uchafu, yafagiliwe yachomwe.

Nianze na kilichonikuta. Mwaka juzi, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, walipita wakaguzi wa usafi. Uani kwangu pana mwembe dodo mkubwa na pembeni yake nilikuwa nimezungushia matofali mabovu, ndani naweka majani ya mwembe na maganda ya mihogo na samadi kidogo ya mbuzi, ni mboji yangu ya mchicha na migomba. Nikaambiwa huu ni uchafu, nichome hapo hapo au nilipe faini elfu hamsini. Sina elfu hamsini ya kutoa siku hiyo, nikachukua kiberiti. Ya juu yakawaka vizuri, yale ya chini moto ukakataa. Yalikuwa ya misimu miwili, meusi tii, yameshakuwa laini unayafikicha kwa vidole, yana unyevu, yananukia udongo wa mvua. Moto unafika pale unazima. Ikabidi nikachukue mafuta ya taa ndani nikamwagia. Wakuu, nilichoma mbolea kwa mafuta ya taa niliyoyanunua ili nionekane msafi, na mpaka leo nikipita pale naumia. Jirani wakati huo nyuma ya choo ana pampasi na mifuko na chupa za plastiki zimejaa, hakuguswa, maana mbele kwake palikuwa pamefagiliwa unaona mistari ya fagio.

Sikatai siku ya usafi. Naikumbuka ilivyoanza, Rais Magufuli alisema tarehe 9 Desemba 2015 badala ya gwaride watu tufanye usafi nchi nzima, kipindupindu kilikuwa kinaua watu, na baadae ikawa kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Jambo zuri kabisa. Lakini kipindupindu hakitoki kwenye jani la mwembe, kinatoka kwenye kinyesi na maji machafu. Mwaka 2019 tarehe 1 Juni tukapiga marufuku mifuko ya plastiki, nalo zuri. Plastiki ikikaa ardhini inakaa miaka na miaka, jani likikaa ardhini linakuwa ardhi. Sasa vitu viwili tofauti hivyo mnaviwekaje kwenye rundo moja na kiberiti kimoja?

Twende shuleni kidogo. Saa moja asubuhi watoto wote na mafagio ya chelewa, uwanja mzima unafagiliwa mpaka unang'aa, majani yanakusanywa pembeni yanawashwa, na moshi unaingia darasa la pili ambalo halina vioo. Hii inafanyika kila siku ya shule, mwaka mzima. Fagio la chelewa halichukui jani peke yake, linaondoka na udongo pia, kidogo kidogo. Pale wanaposoma wanangu ndipo niliposoma mimi, kuna mwembe mbele ya ofisi ya walimu, enzi zetu mizizi yake ilikuwa chini ya udongo tunacheza mdako juu yake, leo mizizi iko nje, minene kama paja, watoto wanaikalia kama benchi. Udongo wote ule umeondoka kwa fagio na mvua. Na nyuma ya madarasa mvua za Januari zimechimba mfereji mpaka msingi wa jengo unaonekana, juzi wazazi tukachangishwa saruji ya kuziba. Mimi nilichanga, ila nikajiuliza tunachanga kila mwaka kuziba kitu tunachokichimba wenyewe kila asubuhi?

Wakubwa, naomba mnivumilie nieleze jani linafanya nini, najua wengine mmesoma kuliko mimi ila nikiangalia maamuzi naona kama tumesahau.

Jani likiwa bichi ndio jiko la mti. Linachukua mwanga wa jua, maji yanayopanda kutoka mizizini, na hewa ya ukaa inayoingia kwenye vitundu vidogo sana ambavyo vingi viko upande wake wa chini, linapika sukari, oksijeni inatoka. Korosho zote tunazopeleka AMCOS, chama chetu cha ushirika, zikaenda mnadani, kila kilo, zimepikwa na majani hayo, ndio maana ule ugonjwa wa ubwiri unga ukikamata majani machanga na maua mtu unalia mwaka mzima na ndio maana tunahangaika na salfa, dawa tunayoipulizia mikorosho. Hilo kila mtu huku analijua. Alafu jani likizeeka mti hauliachii hivi hivi, unavuta kwanza, sehemu kubwa ya naitrojeni na fosforasi, yaani virutubisho vyake, inarudishwa kwenye matawi, ndio pale unaona jani linageuka njano au jekundu, na pale kikonyo kinapoungana na tawi mti unajenga kama kizibo, jani linadondoka bila kuacha kidonda. Kinachoanguka kina kaboni nyingi, kina kalsiamu, na naitrojeni iliyobaki. Mti umelitoa pale pale kwenye mizizi yake. Haujakosea!

Ukichoma sasa, naitrojeni na salfa iliyomo nyingi inapanda na moshi, inakwenda zake. Linabaki jivu, lina potasiamu na kalsiamu, ni kweli jivu linasaidia na mama zetu walilitumia kwenye mboga, lakini jivu likiwa juu ya mchanga mtupu upepo unalibeba na mvua ya kwanza inalimaliza. Alafu mtu yule yule anakwenda kukopa anunue yurea, mbolea ya dukani, ambayo ndani yake anafuata naitrojeni. Tunachoma kitu cha bure tunakopa kukinunua.

Na hapa kwetu hasara ni kubwa kuliko kwingine sababu ya udongo wenyewe. Uwanda wa Makonde ni mchanga, mnajua, huku juu hakuna mto wala kijito, maji ya mvua yanapita yanazama chini kabisa yanakwenda kutokea bondeni, bibi zetu walikuwa wanashuka na mitungi alfajiri wanapanda nayo jua limeshapanda. Mchanga peke yake haushiki maji wala haushiki mbolea. Kinachoshika ni ile nyeusi, mboji, na mboji kwenye shamba la mkorosho inatoka zaidi kwenye majani. Mvua zetu ni msimu mmoja tu, zinaanza mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili zinakata mwezi wa nne au wa tano, baada ya hapo mti unaishi kwa unyevu uliobaki ardhini mpaka unatoa maua na kuzaa. Mkiagiza tuchome mnatutoa blanketi wakati baridi ndio inaanza.

Mimi nilijaribu. Upande mmoja wa shamba, mikorosho kama ishirini, nimeacha kuchoma huu mwaka wa nne. Upande wa pili ni wa kaka yangu, yeye anachoma kila mwaka kabla ya kuokota. Mwezi wa kumi mwaka jana saa saba mchana nilivua ndala nikasimama kwenye mchanga wa upande wa kaka, sikuweza kumaliza hata dakika. Nikahamia kwangu nikaingiza mkono chini ya majani, pamepoa kama chini ya mtungi. Nikachukua kopo la maji nikamwaga pale palipochomwa, maji yakafanya vijishanga juu ya mchanga, yakabiringika na majivu yakateremka kwenye mteremko kabla hayajazama, maana ardhi iliyoungua inakuwa kama ina mafuta, inakataa maji. Kwangu yakapita katikati ya majani polepole yakazama pale pale, na kesho yake asubuhi nikichimba kwa kidole bado unyevu upo. Sio utafiti, sina vipimo, ni kopo tu. Lakini afisa ugani yeyote aje na kopo lake tutamwaga wote.

Na nikwambieni mfanye kitu kimoja, pigeni magoti chini ya mkorosho ambao haujachomwa misimu mitatu, funueni taratibu. Juu kabisa jani kavu zima, linavunjika. Chini yake majani yameshikana, yana madoa, jongoo wamekatakata pembeni. Chini tena unakuta jani limebaki mishipa mitupu kama kimia, ukiliinua unaona mwanga unapita, na katikati kuna nyuzi nyeupe nyembamba sana zimetambaa kutoka jani hadi jani, hizo ni kuvu, ndio wanaoweza kulainisha mbao na ile ngozi ngumu ya jani. Alafu chini ndio nyeusi yenyewe, na ndani ya nyeusi vijizizi vyembamba vya mkorosho vimepanda juu kuja kula. Vimepanda! Mzizi unajua chakula kilipo. Upande wa kaka ukichimba hapo juu huvikuti, vimeungua.

Jongoo watu wanamchukia ila yeye na mchwa na nyungunyungu ndio wanafanya kazi yote hiyo bila posho. Na wapo wanaowategemea hao. Sange, yule mnyama wa pua ndefu anaechokonoa chokonoa, anatafuta wadudu kwenye majani makavu na kiota chake anakijenga kwa majani hayo hayo chini, msitu ukiungua hana kwa kulala. Kule kwenye msitu wa Rondo, Lindi, kuna komba mdogo anaeitwa kwa jina la Rondo yenyewe, ana uzito wa kama gramu 60 tu, hayuko nje ya Tanzania, na ni katika wanyama walio hatarini kupotea duniani, anakula wadudu wanaotoka kwenye msitu wenye majani chini. Hata pwani ni hivyo hivyo, nendeni Mikindani maji yakitoka, kaeni kimya kwenye mikoko mtamuona kaa anatoka shimoni anakamata jani la mkoko lililodondoka analiburuta mpaka ndani, analila, mabaki yake wanakula vidogo vingine, na humo humo ndio kamba na samaki wadogo wanakulia kabla hawajaenda bahari kubwa. Mvuvi wa Kilwa au wa Msimbati anakula jani bila kujua. Na yule mjusi mkubwa wa kale, dinosaria wa Tendaguru pale Lindi, ambae Wajerumani walichimba mifupa yake kati ya 1909 na 1913 na leo amesimamishwa Berlin anazidi mita 13 kwenda juu, alikuwa mla majani, mwili wote ule ni majani. Nalisema hili kwa sababu tunapenda sana kudai mjusi wetu arudi, na mimi nadai pia, lakini tuliheshimu na lililomjenga.

Mbaazi pia nisiisahau. Wakulima wa Masasi na Nachingwea watakubaliana na mimi, shamba lililokaa mbaazi mwaka unaofuata mahindi yanakuwa mazuri, na sababu mojawapo ni kwamba mbaazi inajipukutishia majani mengi sana na yana naitrojeni. Ila ukichoma mabaki yote kabla ya kulima ndio umeitoa faida hiyo nje.

Najua mtakayojibu, nimeyasikia yote.

Mtasema nyoka. Kweli, na mimi nina watoto, karibu na nyumba fagieni, mlangoni na njia ya chooni pawe peupe. Ila kufagia sio kuchoma, yafagieni yapelekeni kwenye migomba. Mtasema mitaro ya mjini inaziba. Kweli kabisa, Mei 2024 kimbunga Hidaya kilivyopita tuliona maji yanavyofanya, barabara ya kwenda Dar ilikatika pale Somanga tukakwama, kwahiyo jani likiingia mtaroni litolewe haraka. Lakini linakwenda wapi baada ya hapo? Linapandishwa lori kwa mafuta ya halmashauri linakwenda dampo linachanganywa na betri na pampasi, wakati akina mama wa bustani za mchicha wako pembeni ya barabara hiyo hiyo wananunua samadi kwa kiroba.

Wakulima wenzangu watasema majani yanaficha korosho wakati wa kuokota. Hili ndilo zito na ndio sababu kaka anachoma, mtu hawezi kutafuta korosho moja moja kwenye majani kama anatafuta sindano. Mimi ninachofanya, kabla korosho hazijaanza kuanguka napita na reki nayasogeza majani ya chini ya mti naenda kuyalaza katikati ya mistari. Mikorosho iliyopandwa kwa mita 12 kwa 12 kama tunavyofundishwa ina nafasi tele katikati. Chini ya mti panakuwa peupe kwa kuokota, msimu ukiisha mvua zikianza nayarudisha, ila siyarundiki yakagusa shina, naacha kama hatua moja, sababu ya mchwa. Kazi ipo, sidanganyi, inachukua siku kadhaa zaidi ya kuwasha kiberiti. Na shamba linakuwa na vitu vya kuwaka kwahiyo lazima usafishe ukanda wa kuzuia moto kuzunguka shamba lote. Lakini jiulizeni moto huo unatoka wapi kila mwaka, hapa kijijini moto miwili mikubwa ninayoikumbuka ilianza kwa mtu anachoma majani ya shamba lake upepo ukageuka. Sheria ya Misitu ya 2002 ina sehemu nzima ya mambo ya moto, ipo, tunaomba tu isomwe kwa wananchi kwa lugha yao.

Na magonjwa. Mti wenye ugonjwa ni habari nyingine, majani yake yanaweza kubeba vimelea, hapo mimi sitoi ushauri, watafiti wa kilimo wa TARI Naliendele wapo hapo hapo Mtwara, waulizwe, watoe maelekezo ni ugonjwa gani majani yaondolewe na ni upi yaachwe. Tena nawaomba kabisa waliongelee hili kwenye mikutano ya AMCOS kabla ya msimu, kama wanavyoongelea salfa, kwa uzito ule ule.

Ninachoomba hakihitaji bajeti. Maafisa afya mkipita kwenye usafi, orodha yenu isihesabu jani na mboji kama uchafu, faini ziende kwa plastiki na kinyesi na maji yaliyotuama. Walimu wakuu, kila shule ichimbe shimo au izungushie fito kona moja, majani ya asubuhi yaende huko, wekeni na majani mabichi na mabaki ya uji na samadi, kama makavu matatu kwa bichi moja, mwagieni maji yasikauke, geuzeni kila baada ya wiki mbili tatu. La mkorosho linachelewa kwa sababu ni gumu na lina ule ukali unaokausha ulimi, likatwekatwe kwa panga kwanza. Watoto wajifunze sayansi hapo, kitabu kinasema viozeshi, wavione. Na chini ya ile miembe ya shule, rudisheni majani juu ya mizizi. Hata mita mbili tu kuzunguka shina.

Halmashauri zenye miti mingi barabarani tangazeni mahali majani yanapowekwa, watu watakuja kuchukua wenyewe, lori libaki na taka za kweli. Mtwara tunasema kuchele, kumekucha, basi na hili tuliamkie.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu usafi utakuwa kwenye viwanja vya ofisi, nimeshasikia tangazo. Pale kuna miembe mitano na huu ndio wakati inapukutika sana. Nitakuja saa moja kamili na toroli na reki mbili na mwanangu mkubwa. Fagieni, kusanyeni, ila naomba msiwashe, niachieni mimi nitabeba yote mpaka jioni hata kama ni safari kumi.

Wenu,
mkulima wa korosho, Newala